Vidato Viwili vya Penrith

Kensington, Sydney
Jumatatu, 16 Juni 2025

Shangazi Bimkubwa, shikamoo.

Kuna sauti haijaniacha tangu Jumamosi. Ni fupi na kavu, kama kijiti cha mdalasini kinapovunjwa juu ya sufuria ya pilau. Naisikia nikifunga mlango wa chumba changu. Naisikia tramu inapokata kona karibu na chuo. Mara ya kwanza niliisikia uwanjani, kwenye mechi ya magongo ya Thuwaiba, yeye na mvulana wa timu ya pili walipogongana ukutani wakigombea kile kidude cheusi wanachokipiga kama mpira. Wakaanguka wote wawili juu ya barafu, wakainuka wote wawili. Thuwaiba akanipungia gongo lake kuniambia yuko salama, akacheza mpaka mwisho.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utaniambia, "Ah, mwanangu, hayo yamekwisha," nami nitakubali. Sasa huwezi kunikatiza.

Jana ulinieleza kwamba Thuwaiba, mdogo wangu, ameanguka uani, kwenye ile ngazi ya kushukia kambani kuanika nguo, na hospitali wanasema kano ya goti imechanika. Leo amenipigia Généreuse, yule mama Mkongo anayesimamia mambo ya timu. Anasema kila mtoto aliyesajiliwa na klabu ana bima ya ajali, na bima hiyo hulipia tiba ya mazoezi ya viungo. Bima ya mwanafunzi aliyonayo Thuwaiba hailipii tiba hiyo, na daktari amesema asipoifanya kwa miezi, goti halitamshikilia tena sawasawa. Ila bima ya klabu hulipa ajali ya mchezoni tu. Aliyeanguka kwake, hiyo si kazi yao.

"Sasa mtoto alianguka wapi?" akaniuliza. "Weye ulikuwa pale. Uliona kitu gani?"

Kabla sijamjibu, nakuuliza wewe. Shangazi, pale hospitalini uliwaambia habari ya mechi?

Mwanao,
Afnan


Penrith
Jumatano, 18 Juni 2025

Afnan mwanangu, marahaba.

Umeniandikia kama kadhi. Haya, nami nasimama mbele yako.

Niliwaambia ameanguka kwenye ngazi kwa sababu ameanguka kwenye ngazi. Nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo, nikatoka nikamkuta chini, shuka mbichi imemfunika kichwa, kapu kule, yeye huku. Nesi akaniuliza imekuwaje, nikamjibu. Hakuniuliza mtoto alikuwa wapi siku ya kabla yake, na mtu hajibu asichoulizwa. Bibi yako, mama yetu, alitulea hivyo: mgeni akikuuliza una nini, mwambie umejikwaa, yaliyobaki ni ya ndani.

Na wewe unajua kwa nini. Kaka yangu Mwadini hakunipa mtoto huyu, amenikabidhi amana. Alisema akiwa ameushika mkono wangu: masomo, sala, nyumba, hakuna michezo ya kukimbizana na wavulana. Nikasema naam. Kisha nikaletewa msichana asiyezungumza. Tangu mama yenu atutoke alikuwa anakula, anasoma, analala, basi. Siku Généreuse alipomchukua kujaribu barafu na mwanawe Nella, alirudi akasimulia mpaka wali ukapoa mezani. Nikafumba macho, mwanangu. Nikajiambia kwamba na yale mapedi ya mabega na magoti, na glavu, na kofia ngumu yenye kimia cha chuma usoni, amejistiri kuliko bibi harusi wa kwetu Chumbageni. Lakini timu ni ya mchanganyiko. Mwadini hataona mapedi, ataona wavulana.

Généreuse ameleta fomu ya kudai bima, anataka nitie sahihi kama mlezi. Sitii. Nikiisaini leo, habari itafika Tanga kabla wino haujakauka. Namkanda mwenyewe kwa mafuta ya nazi. Kazini naogesha na kunyanyua wazee wa watu kila siku, goti nalijua.

Baba yenu nimemwambia ni ngazi. Ukimwandikia, mwambie ni ngazi. Usiniumbue.

Shangazi yako


Kensington
Ijumaa, 20 Juni 2025

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini sikio limepoa na hospitali ya Bombo wamekupa ile dawa ya matone. Kwa sababu ya sikio hilo hilo nakuandikia. Nisingependa uisikie habari hii nusunusu kwenye simu.

Shangazi ameshakueleza kwamba Thuwaiba ameumia goti. Aliteleza kwenye ngazi ya uani alipokuwa anapeleka nguo kambani. Anatembelea magongo kwa sasa. Anakula vizuri, anasoma, na tunaangalia namna ya kumpatia tiba ya mazoezi. Usiwe na wasiwasi.

Masomo yangu yanaendelea. Huku ni baridi.

Mwanao,
Afnan


Tanga, Ngamiani
Jumatatu, 23 Juni 2025

Mwanangu Afnan,

Sikio lipo, latosha kwa adhana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimefika mwisho upesi mno. Wewe si mtu wa barua fupi. Ulipokuwa darasa la sita uliniandikia kurasa nne kuhusu paka aliyekufa kwa jirani.

Nieleze vizuri habari ya ngazi. Nimekuwa fundi wa majengo tangu sijaoa, na ngazi hunishughulisha. Ina vidato vingapi? Ni ya mbao, saruji, au chuma? Kina cha kidato chatosha wayo? Kuna pa kushika? Mtoto aliyeishi kwenye nyumba mwaka wa pili hatelezi kwenye ngazi anayoijua, isipokuwa ngazi ina kasoro au mtu ana haraka. Kama ina kasoro, nitachora namna ya kuirekebisha, na shemeji yangu Imad ainunulie mbao.

Nilimuuliza dada yangu akasema, "Ngazi ni ngazi, kaka." Hilo si jibu la mtu aliyelelewa nyumba moja na mimi.

Ninasubiri.

Baba yako,
Mwadini


Penrith
Alhamisi, 26 Juni 2025

Da Afnan, shikamoo.

Umesema niandike kila kitu kwa Kiswahili ili nisijifiche kwenye Kiingereza. Haya, mkali.

Unaniuliza kama nilisikia ile sauti. Sikusikia. Ndani ya ile kofia unasikia pumzi zako tu, kama uko chini ya maji. Nilichojua ni kwamba goti lilitoka mahali pake likarudi. Halikuuma sana. Lilikuwa na joto. Sikusema, kwa sababu ukisema, kocha anakutoa, na ukitolewa unakaa kwenye benchi na Nella anakuimbia nyimbo za mazishi. Tena kama ningetolewa, Shangazi angesema basi, imekwisha.

Jumapili asubuhi goti lilikuwa limevimba kidogo. Nikavaa dera refu. Nikapeleka nguo kambani. Nikateremka ngazi na lile kapu, goti likakataa tu. Halikuteleza, Da Afnan. Lilikataa.

Kwa hiyo ni barafu au ni ngazi? Sijui. Chagua wewe, wewe ndiye msomi. Mimi naona uwaambie barafu, na ngazi uiache. Nella anasema watu wote hufanya hivyo, hakuna anayesema mambo ya nyumbani kwenye karatasi za bima. Si uongo. Ni kupunguza tu. Nataka kurudi kucheza, hata kama nitakaa mwaka mzima nikinyanyua mguu kama kuku.

Kuna jambo lingine. Mjomba Imad amempigia Baba mara tatu, Baba hapokei. Alipopokea mara moja alisema, "Nipe dada yangu," kwa sauti ile ya msibani. Kwa nini? Mjomba amemfanya nini?

Mdogo wako anayechechemea,
Thuwaiba


Tanga, Ngamiani
Jumatano, 2 Julai 2025

Afnan,

Nimekuuliza habari ya vidato na hukunijibu. Siku zote hizi nimekuwa nikifungua barua pepe kama mtu anayemsubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji.

Basi nimetafuta mwenyewe. Nilitoa ile picha ya nyumba ya Penrith mliyonitumia sikukuu, nyote mmesimama mbele, Imad ameshika sinia. Ni nyumba ya chini. Haina orofa. Nilimbana dada yangu na akakiri kwamba ngazi yenyewe ni ya nyuma, ina vidato viwili. Viwili, Afnan. Nimejenga miaka yote hii. Vidato viwili vinamkwaruza mtoto, vinamfanya acheke au alie kidogo. Havimchani goti.

Maisha yangu yote nimesikia watu wakisema fulani ameanguka kwenye ngazi. Palikuwa na mwanamke barabara ya ishirini, kila mwezi aanguka. Mara nyingi ngazi hiyo huwa na mikono.

Nakuuliza kwa haki ya mama yako: nani amempiga mwanangu? Kama ni Imad, sema. Dada yangu anasitiri nyumba yake, hilo nalielewa, hata sisi tumelelewa tusitiri. Wewe unasitiri nini?

Nimemwambia Bimkubwa kwamba nataka Thuwaiba arudi Tanga kabla shule hazijafunguliwa. Na Imad sitasema naye mpaka nijue.

Baba yako


Kensington
Jumapili, 6 Julai 2025

Baba yangu, shikamoo.

Hakuna aliyempiga Thuwaiba. Nimeanza na hilo ili upumue.

Asubuhi ile Mjomba Imad alikuwa kazini, kwenye bohari huko Ingleburn. Ndiye anayempeleka kwa daktari, amekilaza kiti cha mbele ili mguu unyooke, na huendesha polepole mpaka watu wanampigia honi. Shangazi alipomsomea barua yako niliyomtumia, aliondoka mezani, akaenda kukaa ndani ya gari. Hakuliwasha. Alikaa tu. Mtu huyo tulimfanyia hivyo sisi, Baba, mimi na Shangazi, kwa kukuficha jambo ambalo lilikuwa dogo kuliko hilo ulilolifikiria.

Jambo lenyewe ni hili. Thuwaiba anacheza mpira wa magongo juu ya barafu. Wanavaa viatu vyenye ulimi wa chuma chini, wanateleza kwa kasi, wanapiga kidude cheusi kuingiza golini. Wasichana wanaoucheza ni wachache, kwa hiyo timu ya umri wake ni ya wavulana na wasichana. Ulikataza, na alicheza. Shangazi alijua. Mimi nilijua, na Jumamosi moja nilipanda treni nikaenda kumtazama, nikapiga makofi.

Siku hiyo aligongana na mvulana, kwa mchezo, si kwa ubaya, nikasikia sauti kavu. Akainuka akaendelea. Kesho yake goti likamwangusha kwenye ngazi. Shangazi akaieleza hospitali habari ya ngazi peke yake, kwa sababu ndiyo aliyoulizwa, na kwa sababu yako. Sasa iko bima ya klabu ambayo ingelipia tiba anayoihitaji ili goti lipone. Wanataka kujua aliumia wapi. Karatasi ya hospitali inasema nyumbani. Mtu pekee wa kwetu aliyekuwa uwanjani ni mimi.

Baba, unajua ninasoma takwimu. Nimefundishwa kupima shaka na kuiandika kwa tarakimu. Hii nimeshindwa kuipima. Nilipoisikia sauti ile, walikuwa wameshaanguka au bado? Kama bado, ni gongo limepiga gongo. Kama wameshaanguka, ni goti. Kila nikijaribu kukumbuka, sauti inakuja mahali ninapotaka ije. Siku mbili za kwanza ilikuja kabla. Baada ya Généreuse kunieleza habari ya bima, ikaanza kuja baada. Hilo ndilo lililonitisha. Sikujua tena kama nakumbuka au nanunua.

Shangazi alitaka ngazi tu. Thuwaiba alitaka barafu tu. Niliandika ushahidi wa barafu tu, na ulikuwa mzuri, hauna doa, ungemtibu mdogo wangu. Nikaufuta. Nikajaribu kunyamaza kabisa, ndipo ikafika barua yako yenye ngazi ya mikono.

Jana nilikwenda Penrith na ushahidi mwingine. Nilimkuta Shangazi amekaa uani, kwenye ngazi yenyewe, anapepeta mchele. Nikakaa kidato cha chini nikamsomea wote. Mechi, sauti, kuinuka, dera refu, kapu, kuanguka. Na mahali nisipojua nimeandika sijui.

Alipepeta mpaka nikamaliza.

"Umenivua nguo barazani, mwanangu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na hao wenye bima ukiwaambia sijui, watalipa nini? Nani hulipa sijui?"

"Huenda wasilipe."

Thuwaiba alikuwa mlangoni na magongo yake ya kwapani. "Mimi nilimwambia aseme barafu tu."

"Nyamaza wewe! Magongo yamekutia taabuni, magongo yatakutoa." Lakini Shangazi alisema akitaka kucheka, na Thuwaiba akacheka kabla yake.

Kisha Shangazi akakikanyaga kidato nilichokalia, kikacheza chini yangu. "Hiki kimelegea tangu mwaka jana. Kiandike. Kaka yangu aliuliza, ajibiwe." Akarudi kwenye mchele, na bila kuinua macho akaongeza, "Na andika kwamba asubuhi ile, kabla ya kapu, alivuka jikoni kwenda kuchukua sabuni, anauburuta mguu. Nikamwambia inua miguu, mvivu wewe."

Nikamtazama. Wiki tatu nzima nimekuwa nikiichambua sauti moja kichwani, na yeye alikuwa amemwona mtoto anaburuta mguu kabla hajaifikia ngazi.

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wewe uliniuliza niliwaambia nini hospitali. Mwadini aliniuliza vidato vingapi."

Nikaliandika, kwa maneno yake, pamoja na sabuni. Akafuta mikono yenye vumbi la mchele, akasoma mstari wake mmoja mara kadhaa, akatia sahihi chini yake kwa kidole kwenye simu yangu. Kisha akaomba ile fomu aliyoikataa, akaisaini nayo.

Sijui kama watalipa. Généreuse anasema inawezekana, na inawezekana wasilipe, na kwamba hajawahi kupeleka madai yenye ngazi ndani yake. Watu wa bima watamwandikia pia daktari, na kila kitu kilichofichwa kitakuwa kimefunuka mbele ya watu tusiowajua. Bado sijui sauti ilitoka wapi. Nilidhani nikiandika kweli nitaelewa, na sijaelewa.

Ukiamua Thuwaiba arudi Tanga, ni haki yako, na hatutakuficha tiketi wala tarehe. Ila utakuwa unaamua juu ya barafu na wavulana, siyo juu ya mikono ya Mjomba Imad. Mpigie simu, Baba. Bado anakula akiwa ameitazama sahani.

Vidato ni viwili, vya mbao, hakuna pa kushika. Ulikuwa na haki ya kuuliza.

Barua hii haikuombi ruhusa. Jana, treni ya kurudi ikiwa bado imesimama Penrith, niliufungua ushahidi kwenye simu kwa mara ya mwisho. Mwishoni pana nafasi ya shahidi kueleza kwa maneno yake. Nimeandika: Nilisikia sauti kavu. Sijui kama ilikuwa gongo au goti. Chini yake nikaandika jina langu lote, Afnan binti Mwadini, na milango ilipofungwa nilikuwa nimeshautuma.

Mwanao,
Afnan